Kuonja Si Kula

Jumatatu, 3 Juni

"Kiuno cha mtu huamuliwa na kifungua kinywa chake." Hayo ameyaandika leo Shemeji, mdogo wa kike wa mke wangu, muuguzi wa zahanati, kwenye kona ya afya aliyopewa na Mhariri bila mimi kuulizwa. Kona yenyewe ina ukubwa wa kiganja. Imewekwa ukurasa wa nne. Chini ya safu yangu! Chini ya picha yangu!

Uongo mtupu. Kiuno cha mtu huamuliwa na fundi cherehani. Kifungua kinywa kazi yake imo ndani ya jina lake: kufungua kinywa, basi. Ni ufunguo. Nani amewahi kuona mlango umenenepa kwa sababu ya ufunguo?

Nikayasema hayo kwenye kikao cha asubuhi, nimesimama, kidole juu. Shemeji alikuwepo, ameleta makala yake ya wiki. Alinisikiliza hadi mwisho kama anavyosikiliza wagonjwa. Kisha akauliza kwa upole kama ni hivyo, mbona kifungo cha shati langu kinaomba msaada. Watu wote wakatazama kifungo. Mimi nikavuta pumzi ili nimjibu. Hilo lilikuwa kosa. Kifungo kikaruka, kikatua kwenye chai ya Mhariri.

Kicheko! Mtu mwingine angekaa chini. Mimi nilitangaza hapo hapo kwamba mwenye akili anaweza kupungua kwa kifungua kinywa chochote atakachokichagua mwenyewe, kwa nguvu ya hoja, bila kufundishwa na mtu wa sindano. Shemeji akasema haya, tupande mizani. Mhariri, akivua kifungo kwa kijiko, akasema wasomaji wataipenda.

Masharti ni haya. Napimwa kesho, napimwa tena Jumatano ya wiki ijayo. Nikiwa nimepungua hata kwa punje, kona ya afya inafungwa. Nisipopungua, ukurasa wa nne ni wa Shemeji, nami nahamia ukurasa wa chemshabongo.

Ukurasa wa nne! Nimeushika tangu nikiwa na nywele. Humo nimepigana na wauza maji, walimu wakuu, wapangaji na wenye nyumba, wakati mwingine wote kwa siku moja. Kinyozi amebandika picha yangu kando ya kioo chake. Na mama yangu, ambaye macho yamechoka, hana haja ya kusoma: hufunua kurasa kwa kidole mpaka ya nne, huweka kiganja juu ya picha, husema, "Leo amewapa."

Sitashindwa. Sijawahi kushindwa. Nimewahi kutoeleweka, tena mara nyingi.

Jumanne, 4 Juni

Nimekula njama. Lugha yetu ni tukufu: mtu anakula njama, anakula kiapo, anakula hasara, na sijaona hata mmoja aliyeota kitambi kwa hayo.

Njama yenyewe ni hii. Wapumbavu hujitesa ili wawe wepesi siku ya mwisho. Mwerevu huwa mzito siku ya kwanza. Nikavaa koti zito la mvua. Nikavaa buti. Na nyuma, kati ya mkanda na mgongo, nikachomeka kamusi yangu kubwa, ile ya jalada gumu, ambayo nimewapigia wengi kwa maneno na mmoja kwa bahati mbaya.

Jua lilikuwa linawaka kama limetumwa. Mke wangu akauliza kama redio imetangaza mvua. Nikamjibu mwenye busara huvaa kabla ya wingu. Akaniambia nimesimama kama mtu aliyemeza mwiko. Wivu.

Tulipimwa stoo, kwenye mizani ya kupimia marobota ya magazeti. Mizani ni ya Mzee wa Stoo, na hata Mhariri haiamuru. Mzee ana kanuni moja: haandiki mpaka mshale utulie. Ukitulia, anaandika kwa chaki ubaoni, na alichokiandika hakifuti mtu. Alinitazama na koti langu, akauliza kama nasafiri. Nikamwambia naam, nasafiri kuelekea ushindi. Mshale ukapanda, ukapanda, ukatulia mahali pa kuridhisha sana. Chaki ikalia.

Nilitegemea Shemeji alalamike kuhusu buti. Wapi! Alisema tu kwamba siku ya mwisho nipande na vyote nilivyopanda navyo leo, kisipungue kitu wala kisizidi, ndiyo haki. Nikaitikia kwa sauti kuliko watu wote. Koti lile lile, naam! Buti zile zile, naam! Masikini, aliyezoea kusoma vidonda hawezi kusoma akili ya mtu.

Akaniaga kwa kunipigapiga mgongoni, kishemeji. Ko, ko. Akasema ama kweli, Shemeji, una mgongo mgumu. Nikamwambia ni mazoezi ya kuandika.

Kona ya kamusi imenichubua. Mke wangu amenipaka mafuta, hakuuliza chochote. Huyo ndiye mke.

Jumatano, 5 Juni

Leo nimechagua kifungua kinywa. Watu huokota tu kilicho mezani. Mimi nilichagua kwa kuchambua.

Kwanza nilichambua anachokipendekeza Shemeji: uji wa shayiri usio na sukari, yai moja la kuchemsha, tunda zima badala ya juisi, chai kavu, na mtu akae kitako ale taratibu. Uji wa shayiri ni chakula cha farasi, na farasi hajaandika makala hata moja. Yai sina ugomvi nalo. Tunda zima ni sawa, lakini nani huyo ananiambia "zima", kana kwamba nilikuwa nikila nusu? Na kukaa kitako! Mimi hula nikisimama, nikisoma, nikimjibu mtu. Kula taratibu ni kwa watu wasio na maadui.

Nikachagua maji ya vuguvugu na kipande cha limau. Glasi moja. Maji hayana hoja inayoweza kupingwa.

Matokeo yalikuwa ya ajabu. Saa tatu nilikuwa nimeshagombana na mpokea simu. Saa nne niliandika safu nzima dhidi ya watengeneza bahasha, wezi wa uwazi, maana ni nani hufunga barua isipokuwa mwenye jambo la kuficha? Mhariri aliisoma akauliza kama niko salama. Njaa ni mama wa ufasaha!

Saa tano nilijikuta kantini mbele ya mkate, siagi na jamu. Sikumbuki nilivyofika. Mkate ulikuwa mrefu. Lakini tuwe wakweli: kifungua kinywa kilikuwa kimekwisha saa moja, na chakula cha mchana kilikuwa bado. Kilicholiwa kati ya viwili hivyo hakina jina, na kisicho na jina hakiwezi kuwekwa kwenye hesabu.

Nimejivunia sana uvumbuzi huu.

Ijumaa, 7 Juni

Maji nimeyafuta. Nimehamia yai. Yai moja, la kuchemsha, bila chumvi, nalila ofisini mbele ya mashahidi. Namenya polepole ili waone. Mpiga Picha amesema hajaona mtu akimenya yai kwa hasira namna ile.

Lakini adui anatafuta upenyo, na leo ameupata nyumbani kwangu. Lazima nieleze, hata kama ni kwa karatasi tu.

Mke wangu ni mwokaji wa keki. Mtaa mzima unamwita Mama Keki. Alfajiri jiko linawaka, nyumba inanukia vanila mpaka mito ya kulalia. Na tangu tuoane, mwonjaji wa keki zake ni mimi. Hii ni kazi. Mtu akileta oda ya keki ya ndizi, nani atajua kama imekaa sawa? Nani atasema ukweli kuhusu krimu? Familia inanitegemea.

Sasa Shemeji alipita asubuhi kumletea dada yake mayai. Akanikuta kazini, kijiko mkononi. Akafunga mikono, akauliza yai la ofisini litakuwa mlo wa pili au wa tatu wa leo. Nikamjibu kwa utulivu kwamba kuonja si kula. Mpishi akionja mchuzi hasemi amekula. Daktari akionja homa, hajaumwa. Akasema daktari haonji homa. Nikamwambia huo ni mfano, na mfano hauhojiwi.

Mke wangu akaongeza, bila kuombwa, kwamba mwonjaji wa kawaida hurudisha sahani ikiwa na kitu juu yake.

Nikamtaka aseme yuko upande gani, maana vita vimeingia ndani. Akasema hana upande: mmoja wamelala tumbo moja, mwingine wanalala kitanda kimoja, na oda ya saa mbili inaungua. Akageukia jiko.

Nimeandika kwenye ukuta wa ofisi yangu, kwa kalamu nene: KUONJA SI KULA. Maneno matatu. Hakuna wa kuyavunja.

Jumamosi, 8 Juni

Siri. Hii haitoki humu.

Mke wangu alikwenda kupeleka keki. Nikabaki peke yangu jikoni na mpango wa kijeshi: ili umbomoe adui, ingia kwenye nyumba yake. Nikapika kifungua kinywa cha Shemeji chenyewe, ili nikiandike vibaya kwa ushahidi. Uji wa shayiri. Yai. Chungwa zima. Chai kavu. Nikakaa kitako. Nikala taratibu. Nilijisikia kama mgonjwa wa mtu.

Nikasubiri njaa ya saa tatu. Haikuja. Nikasubiri ya saa nne. Haikuja. Saa tano nilipita mbele ya kabati la keki, nikaangalia, nikaendelea na safari zangu. Mimi! Mpaka saa saba tumbo lilikuwa limenyamaza kama mtoto aliyenyonya.

Si hilo la kutisha. La kutisha ni kwamba nilikuwa mpole. Jirani alipanga takataka zake upande wangu wa ukuta, nikamsalimia. Nilikaa mezani kuandika safu, nikajikuta nakubaliana na pande zote mbili. Nilisoma tena ile makala ya bahasha, nikaona bahasha nazo zina umuhimu wake.

Hapo nikashtuka. Hiki si chakula! Ni dawa ya kumnyamazisha mtu! Shemeji hataki kiuno changu, anataka kalamu yangu. Mwandishi aliyeshiba vizuri atampinga nani?

Nikaosha sufuria mara mbili. Maganda ya chungwa nikayazika kwenye bustani ya jirani. Suruali ilikuwa imelegea kidogo kiunoni jioni. Dobi ameivuta.

Jumapili, 9 Juni

Mungu hamtupi mpiganaji. Mke wangu amepata oda ya keki ya harusi, ya ghorofa tano. Kila ghorofa ladha yake: limau, chokoleti, nazi, karoti, vanila. Bibi harusi ni mgumu, mama wa bibi harusi ni mgumu zaidi. Mke wangu amenitazama akasema anahitaji mwonjaji kweli kweli, wa kuonja kidogo na kusema mengi.

Nimefanya kazi tangu alfajiri. Nilionja ghorofa ya kwanza. Ingekuwa dhuluma kuionja moja na kuziacha nne. Huo ni ubaguzi, na nimeandika dhidi ya ubaguzi maisha yangu yote. Nikaonja zote. Kisha sikukumbuka ya limau ilikuwaje, nikarudi mwanzo, maana mwamuzi asiyekumbuka ushahidi anaharibu kesi.

Mke wangu alilazimika kuoka tena ghorofa ya tatu. Amesema haina neno, lakini alisema kwa kugonga mwiko kwenye bakuli.

Baada ya hapo ndipo nikala kifungua kinywa changu rasmi: yai moja. Nililimaliza kwa shida. Hayo ndiyo mateso ninayoyapata kwa ajili ya wasomaji.

Jumatatu, 10 Juni

Mzee wa Stoo alipokwenda kunywa chai, niliingia stoo na koti langu na buti zangu. Kamusi nimeiacha mezani. Nikapanda.

Ushindi! Mshale umesimama chini ya namba ya ubaoni. Si sana, lakini chini. Mtu wa hesabu angesema tofauti ile ni sawasawa na uzito wa kamusi moja ya jalada gumu, na kwamba mwili wenyewe haujatikisika. Ndiyo maana watu wa hesabu hawapewi safu.

Nikashuka kama mfalme. Nikaandika safu ya Alhamisi mapema, kichwa chake: "Kona Imefungwa". Nzuri mno. Nimemsamehe Shemeji ndani yake kwa aya tatu, kila moja inauma kuliko iliyotangulia.

Mama amepiga simu. Amesikia sokoni kwamba naweza kuondolewa ukurasa wa nne. Sauti yake ilikuwa ndogo. Akasema yeye hajui kurasa nyingine, kidole chake kimezoea nne tu, sasa atanitafuta wapi? Nikamwambia asiogope, mwanawe ni simba. Akasema anajua, ndiyo maana anasema: nile kitu cha maana asubuhi, nikae chini, nitafune, kwa sababu tangu mdogo nikikaa na njaa nawapiga watoto wa watu.

Maneno ya Shemeji, neno kwa neno! Lakini kwa mama yanatoka kwa mapenzi, kwa hiyo maana yake ni tofauti. Nimeelewa kwamba ananiunga mkono.

Jumatano, 12 Juni

Naandika haya kwa fahari.

Stoo ilijaa. Wachapaji walikuja na wino mikononi. Mhariri alikuja na chai, amekifunika kikombe kwa kiganja, amejifunza. Mke wangu alileta keki ya kusherehekea atakayeshinda. Nikauliza kwa nini haina jina juu yake. Akasema ataandika baadaye, krimu ipo.

Nikafika na koti. Nikafika na buti. Mgongo mwepesi, moyo mwepesi. Shemeji alikuwa amesimama kando ya mizani na mkoba wake wa zahanati. Akaniamkia vizuri, akauliza kama nimekuja na vyote. Nikamwambia vyote. Nikapanda.

Mshale ukapanda, ukayumba chini ya namba ya ubaoni. Chini! Watu wote wakaona. Mhariri akaona. Wachapaji wakaanza kupiga makofi. Mzee wa Stoo akanisihi nitulie basi, mshale hauandikiki nikichezacheza. Lakini nilikuwa nainua mikono kwa umma. Mtu hawezi kushinda akiwa ameganda kama msalaba wa kaburini.

Hapo Shemeji akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, eti hongera, Shemeji, na siri ni nini? Nikajibu: yai moja asubuhi, basi. Mke wangu, akilainisha krimu ya keki, akasema yai moja na ghorofa tano. Kicheko kikaanza. Nikasema ile ni kuonja. Mchapaji mmoja akasema kuonja ni kula. Mwingine akasema kuonja ni kula kwa adabu. Mhariri, Mhariri mzima, akasema anadhani kuonja ni kula tu!

Damu ikanichemka. Nimeandika maneno yale ukutani. Siwezi kuachia lugha ikanyagwe mbele yangu, stoo au mahakamani. Nikapaza sauti: leteni kamusi! Kamusi yangu, mezani kwangu, sasa hivi!

Shemeji akasema hakuna haja ya kukimbia. Akafungua mkoba. Akatoa kamusi yangu. Alipita mezani kwangu asubuhi, akasema, alihisi itahitajika. Akanipa mikononi kwa heshima zote.

Nikafungua. Nikatafuta. Nikasimama wima, miguu sawa, kidole kwenye mstari, nikasoma kwa sauti ya kengele: "Onja: tia kitu kinywani ili kujua ladha yake." Kati ya "kitu" na "kinywani" palikuwa na neno "kidogo", ambalo nililiruka, kwa sababu lilipachikwa pale na mtu mwenye chuki. Ladha, jamani! Kujua! Ni elimu! Kuonja ni elimu, kula ni tumbo! Hata Mhariri akatikisa kichwa akasema kwa kweli hapo nimewaweza.

Nilikuwa nimeshinda hoja. Nakumbuka nilivyosimama pale juu, nimetulia kama mnara.

Chaki ikalia.

Mzee wa Stoo akageuka akasema mshale umetulia. Nikaangalia ubao. Namba ni ile ile ya Jumanne. Ile ile! Haikupungua punje, haikuzidi punje.

Nikapiga kelele kwamba nimeshika kitabu. Mzee akasema yeye haandiki vitabu, anaandika mshale. Nikasema kitabu kiondolewe. Shemeji akauliza kwa nini, Shemeji? Tulikubaliana upande na vyote ulivyopanda navyo. Na akanyoosha mkono, akanigonga mgongoni, pale pale. Leo hapakuwa na ko, ko. Palisikika koti tu.

Akasema: "Kikulacho ki nguoni mwako."

Ningeweza kukana. Nilifungua kinywa ili nikane. Mke wangu akasema, akilamba krimu kwenye kidole, kwamba alama ya kona ya jalada bado iko mgongoni, aliipaka mafuta mwenyewe, na kama Mhariri anataka nivue koti ni sawa tu, mbona kuna joto.

Sikuvua koti. Nina heshima zangu.

Wakacheka mpaka mchapaji mmoja akakalia robota. Shemeji yeye hakucheka. Alinishika mkono nishuke, akaninong'oneza kwamba siku moja wiki iliyopita dada yake alikuta uji wa shayiri umeganda kwenye ukingo wa sufuria, ndani kabisa, na kwamba siku ile ndiyo niliyokuwa na busara. Akaniomba niirudie kesho, kwa afya yangu, si kwa ajili ya ukurasa. Macho yake yalikuwa ya dada kabisa.

Nikamwambia sijui anazungumzia sufuria gani.

Mke wangu akaandika jina la mdogo wake juu ya keki. Nikaionja. Krimu imezidi.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeamka mapema kuliko siku zote. Gazeti liko mezani. Ukurasa wa nne: Shemeji, picha yake, uso wake mwembamba, na makala ndefu juu ya uji. Sikuisoma. Niliipitia tu mara nne.

Saa moja mama akapiga simu, furaha tupu. Amefunua kurasa kwa kidole, amefika ya nne, ameweka kiganja, amesogeza gazeti karibu na jicho lile zima. "Mwanangu!" akasema. "Umepungua kweli! Uso umekuwa kama wa msichana!" Akasema sasa anaona nimeanza kula asubuhi. Analia kwa furaha, ananiombea.

Nilifungua kinywa nimweleze. Nikakifunga. Mama hasemi uongo. Kama mama yangu mzazi, aliyenizaa, ameona kwa jicho lake kwamba nimepungua, mizani ya marobota ni nani? Kwa hiyo hesabu kamili iko hivi: hoja nimeshinda, kupungua nimepungua kwa ushahidi wa mama, na ukurasa nimeuacha kwa hiari kama anavyofanya mkubwa. Sijui watu wanacheka nini.

Tena nani alisema ukurasa wa chemshabongo ni adhabu? Wa nne husomwa na kila mtu. Huu husomwa na wenye akili peke yao. Ningeujua mapema ningeuomba. Safu yangu imekaa kando ya miraba, picha ndogo lakini kali. Na jioni nimempelekea Mhariri pendekezo jipya: wiki mbili, chakula cha usiku safari hii, mimi na Shemeji, mizani ile ile. Nimeshapata namna ya kutumia buti.

Nimeijaribu chemshabongo ya leo kwa heshima ya ukurasa wangu mpya. Namba saba, kushuka: "Kikulacho ki ... mwako." Herufi sita. Najua ni nani aliyeipachika hapo, na najua wasomaji watajaza "nguoni", kwa mazoea, bila kufikiri. Methali ile ni uongo. Kilichokuwa nguoni mwangu hakikunila hata kidogo, kilinisaidia mpaka dakika ya mwisho. Kilichonila kiko mezani: uji, yai, chungwa zima, na mtu wa kukuambia ukae kitako. Mimi nimejaza "mezani". Herufi sita, imeingia sawasawa. "Mwako" inagoma kidogo baada yake, itazoea.

Mke wangu ananiita. Kuna oda ya keki ya karanga na mwonjaji anahitajika. Lakini kwanza nimalizie safu yangu ya kesho, aya ya mwisho, nayo naiandika hapa isije ikanitoka:

Ninyi mnaojaza chemshabongo kwa wino na si kwa penseli, nawajua, ninyi ni watu wangu. Fungueni la jana, namba saba, kushuka. Futeni "nguoni". Andikeni "mezani". Andikeni leo, asubuhi hii hii, kabla hamjafungua kinywa!